Mwarobaini umemuangusha Mzee wangu, tuongee ukweli kuhusu huu mti wa magonjwa 40

Mtu wa Ngamiani

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu kidogo huu, mwenye haraka apite tu, mwenye chai avute kiti.

Mimi mtoto wa Tanga, nyumba yetu ya Ngamiani ina mwarobaini uani mkubwa kuliko nyumba yenyewe na tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu anausema vibaya ule mti. Mimi na mdogo wangu tulipougua tetekuwanga tulilazwa juu ya majani yake, yaani shuka linatandikwa, juu ya shuka majani, na tawi moja unapewa la kujipepea ukiwashwa maana kujikuna ni marufuku. Jioni mnaogeshwa maji yaliyochemshiwa majani yakaachwa yapoe. Upele, mba, vipele vya joto, jibu ni lile lile. Mzee kila asubuhi anakata kijiti anatafuna ncha mpaka inakuwa brashi, ana miaka 71 na muwa anaumenya kwa meno. Mbu wakizidi magharibi majani makavu yanatupwa kwenye kigae cha makaa, moshi unaingia vyumbani, mbu wanatoka na wewe unatoka. Homa ndo usiseme, yanachemshwa unapewa kikombe na ukikunja uso unaambiwa dawa haiwi juisi.

Kwahiyo nieleweke, mimi sio adui wa mwarobaini. Nimekulia chini yake.

Sasa Mzee ana kisukari mwaka wa nane huu. Anatumia vidonge aina mbili, metfomini na vile vidogo vya glibenklamidi. Mwezi wa tatu kuna jirani akamwambia juisi ya majani mabichi ya mwarobaini "inafuta" kisukari, atumie asubuhi na jioni kabla ya kula. Mzee hakumwambia mtu. Akawa anachuma konzi moja anasaga kwenye blenda ya mama anakunywa nusu glasi, na vidonge anaendelea navyo kama kawaida, kwa akili yake ni kwamba dawa mbili zitamaliza haraka kuliko moja. Wiki ya kwanza sukari ikatoka 11 ikaja 7, akawa anatuma sauti kwenye grupu la familia anatamba kuliko mtu aliyeshinda uchaguzi.

Wiki ya tatu, baada ya swala ya alfajiri, jasho jingi, mikono inatetemeka, anaongea vitu havieleweki, anamwita dada yangu kwa jina la shangazi aliyefariki zamani. Nyumba nzima ikachanganyikiwa, mama mdogo anasema huyu kapitiwa na upepo aitwe ustadhi asome, mwingine anasema kiharusi. Bahati nzuri kuna binamu yangu ni nesi alikuwa amelala pale, akaleta kile kimashine chake mwenyewe akamtoboa kidole, 2.3. Kwa wasiojua, chini ya 4 tu kwa mtu wa vidonge vya sukari ni taa nyekundu. Kwa vile alikuwa bado anameza wakamnywesha maji ya sukari kwanza halafu mbio hospitali, wakamtundikia dripu ya glukosi.

Daktari akauliza anatumia kitu gani kingine zaidi ya vidonge. Hakuna. Akauliza tena, dawa yoyote ya kienyeji? Hakuna dokta. Mara ya tatu ndo mtoto wa dada yangu ana miaka tisa, amekaa pembeni anachezea viatu, akasema "babu anakunywaga majani ya kijani, kaniambia nisiseme".

Daktari alivyotuelezea ni hivi, vile vidonge vidogo kazi yake ni kulibana kongosho litoe insulini, na majani ya mwarobaini nayo yanashusha sukari kweli, sio uongo wa waganga. Tatizo ndo hilo hilo kwamba ni kweli. Kidonge kimepimwa, kina miligramu zake zinajulikana, konzi ya majani haina kipimo, leo umechuma machanga kesho makavu, na ukiviweka pamoja vyote vinasukuma mteremko mmoja. Na kitu kimoja kilinishtua, alibakizwa wodini siku nzima anapimwa mara kwa mara maana hivyo vidonge vinakaa mwilini muda mrefu, mtu anaweza kuamka vizuri akashuka tena baadae.

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma kila ninachokipata kuhusu huu mti. Nimefikia mahali nagawanya kichwani kwangu, mwarobaini wa nje ya mwili na mwarobaini wa ndani ya mwili, kwangu ni dawa mbili tofauti kabisa. Wa nje sina ugomvi nao. Wa ndani ndo nataka tujadili, hasa majani ya kila siku, na zaidi mafuta ya mbegu ambayo naona saivi yanauzwa kwenye chupa nzuri nzuri mpaka wamama wanayapigia promo kwa watoto.

Kwenu mnautumiaje, na nani ameshaona mtu kaumia?

Chai Maharage

Pole kwa Mzee mkuu. Nimekaa paleee na chapati zangu.

Ila swali la kizushi, hayo magonjwa arobaini nani ana listi yake? Tuhesabu humu humu. 1 homa 2 upele 3 kisukari (umetoka kutuambia mpaka unapitiliza) 4 tetekuwanga 5 meno 6 mba. Endeleeni.

Nyundo ya Utosi

7 minyoo 8 mbu, ingawa mbu sio ugonjwa

Bint Makunduchi

Chai Maharage mwanangu utahesabu mpaka upofuke. Arobaini kwetu si hesabu ya dukani. Mzazi hutoka arobaini, maiti husomewa arobaini, za mwizi ni arobaini, hivi ushawahi kuona mwizi kakamatwa ukaambiwa leo ilikuwa siku ya thelathini na tisa bado moja? Arobaini ni kusema mengi, yametimia. Mti umeitwa hivyo kwa sababu watu wa pwani waliona una mambo mengi, wala haukuwa mti wetu, umeletwa na Wahindi na wao huko kwao wameutumia karne na karne. Sisi tumeupa jina tu na jina limekuwa tangazo la biashara.

Mleta uzi pole sana kwa Mzee, Mungu amzidishie afya. Nitasema moja. Bibi yangu alikuwa mkunga na akiwapa watu miti shamba miaka yote. Majani ya muarubaini akiyatumia sana, lakini alikuwa na miiko yake. Mwenye mimba hapewi hata kikombe, hata akiwa na homa ya kuweweseka atatafutiwa kitu chengine. Anaetafuta mimba pia hapewi. Mtoto alie kwenye ziwa haupati kwa mdomo, ataogeshwa basi. Na mtu mzima kikombe asubuhi, siku tatu, kisha kwisha, hakuna cha mwezi mzima. Ukimuuliza kwanini hakuwa na maneno ya kidaktari, atakwambia "huo mti una nguvu, si wa kuzoeana nao". Leo watu wamechukua dawa wakaiacha miiko, na huku wanasema wanafuata ya wazee. Wazee gani hao waliokuwa na blenda?

Chai Maharage

Bi Mkubwa umenimaliza na hiyo ya mwizi 😂😂 ila nahesabu hivyo hivyo

Tabibu Mizizi

Mzee alikosea dozi tu jamani msiogopeshe watu. Mwarobaini ni dawa ya asili haina kemikali haina madhara. Mimi ninao unga uliochanganywa na mlonge na habasoda, unatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi kwa akina mama, kopo 35,000 dozi ya mwezi na vidonge vya hospitali UNAACHA KABISA. Karibuni inboksi.

Mtu wa Ngamiani

Tabibu mimi nina maswali matatu tu na uyajibu hapa hapa sio inboksi. Tanzania kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao, namba yako ya usajili ni ipi na ya hiyo dawa ni ipi? Kwenye kopo kuna mwarobaini gramu ngapi? Na hiyo ya uzazi kwa akina mama, Bint Makunduchi hapo juu kasema bibi yake hakumpa mwanamke anayetafuta mimba, wewe unawapa wanaotafuta mimba. Mmoja wenu kakosea na sidhani ni bibi.

Tabibu Mizizi

Wewe umetumwa. Wazungu wanajua nguvu ya mwarobaini ndo maana walitaka kuuiba na kuumiliki, wanatuambia una sumu ili tununue vidonge vyao.

Nyundo ya Utosi

Hapo kwenye kuuiba una nusu ya ukweli Tabibu, ngoja nikumalizie nusu nyingine. Kampuni ya Marekani W. R. Grace pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza (patent, yaani hati ya kumiliki ugunduzi) na Ofisi ya Hataza ya Ulaya mwaka 1994. Wahindi wakawasha moto, mwanaharakati wao Vandana Shiva na wenzake wakaipinga wakasema haya mambo mababu zetu wanafanya tangu enzi na enzi, mmegundua nini? Mwaka 2000 hataza ikafutwa, wenyewe wakakata rufaa, mwaka 2005 rufaa ikatupwa. Safi kabisa, nilishangilia.

Lakini unajua ile hataza ilikuwa ya nini? Kutumia mafuta ya mwarobaini kuua UKUNGU KWENYE MIMEA. Sio kisukari, sio nguvu za kiume. Kilichowapeleka mahakamani ni dawa ya kupulizia mazao, ndo ujue nguvu ya huu mti dunia nzima imeionea wapi.

Ngoja Waje

Ngoja waje wataalam

Dada wa Dirishani

Nimekuja basi. Mimi mfamasia, dirishani pale ndo kazini kwangu, na huu uzi ningependa ubandikwe ukutani.

Nianze na mafuta maana ndo yananinyima usingizi. Mbegu ya mwarobaini sio jani. Vile vitu vikali vya mti, azadiraktini na ndugu zake, vimejaa zaidi kwenye kiini cha mbegu, na mafuta yanakamuliwa humo humo. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watoto wachanga walionyweshwa mafuta haya na wazazi wao, kwa nia njema kabisa, kwa sababu ya mafua na vijimaradhi vidogo vidogo. Baada ya saa chache wanatapika, wanasinzia, wanahema haraka haraka, wanaingia degedege, ini limejaa mafuta na ubongo umevimba. Kiasi walichopewa kinatajwa kati ya mililita 5 na 30. Mililita 5 ni kijiko cha chai jamani. Sasa mimi kila wiki napata mama dirishani ananiuliza dada haya mafuta nimpe mtoto matone mangapi. Matone SIFURI. Kwa mdomo wa mtoto hakuna idadi. Na mama akikwambia mtoto keshameza usimtapishe nyumbani wala usimpe maziwa, mpeleke hospitali na chupa mkononi waione.

Kuna jingine halisemwi sana na huku kwetu lina maana kubwa. Kuna watu wana upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, wengi hawajijui, na ni wengi hasa sehemu zenye malaria nyingi kwa sababu upungufu huo ulikuwa unawakinga mababu zao kidogo. Ni wale wale tunaowaogopea vidonge vya malaria vya primakwini. Mtu wa aina hiyo ameshawahi kuripotiwa kunywa chai ya majani ya mwarobaini na seli nyekundu za damu zikaanza kupasuka. Ukinywa ukaona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, macho ya njano, unachoka kupanda ngazi, usisubiri dawa "itoe uchafu", hiyo ni damu yako.

Na waliobandikiwa orodha ya tahadhari kwa kalamu nyekundu ni wajawazito, wanaotafuta mtoto (mwanamke na mwanaume, kwa wanyama wa maabara imeonekana inaharibu pande zote mbili), wenye shida ya ini na figo, waliopandikizwa kiungo maana inachokonoa kinga ya mwili, na wa vidonge vya sukari kama Mzee. Anayekaribia kufanyiwa upasuaji aache mapema kabisa na amwambie daktari.

Sasa mazuri, nisionekane nina chuki. Upele ule wa kuwasha usiku, India mwaka 1992 walitoa matokeo ya majani ya mwarobaini yaliyosagwa na manjano mbichi, yakapakwa kwa watu 814, asilimia 97 wakapona kati ya siku 3 na 15. Hawakuwa na kundi la kulinganisha kwahiyo sio neno la mwisho, ila kwa dawa ya kupaka ya bei ya bure sio haba. Kijiti cha mswaki sawa. Maji ya kuogea tetekuwanga sawa, yanatuliza muwasho, ila yawe yamepoa na kirusi kitamaliza siku zake vile vile. Mafuta kupaka ngozini kwa mtu mzima, changanya kidogo sana na mafuta ya nazi na ujaribu kwanza kwenye mkono maana wengine wanawashwa vibaya.

Homa sasa. Ndani ya chupa ya maabara majani yanaua vimelea vya malaria, kweli. Tumboni kwa binadamu kiasi gani kinafika kwenye damu hiyo ni habari nyingine, na mtoto mdogo malaria kali haimsubiri umalize vikombe vya siku tatu. Pima, kipimo cha haraka dakika chache tu, ikiwepo kula dawa mseto. Na wanaosema dawa mseto ni ya wazungu, hiyo artemisinini iliyomo imetoka kwenye jani la Kichina, aliyeitoa Tu Youyou mwanamama wa China akapewa Nobel mwaka 2015. Tofauti yake na kikombe cha bibi ni kwamba mtu alikaa akapima.

Mwana wa Kilindini

Salamu kutoka Mombasa. Huku sisi twauita mwarubaini na kila mtaa upo, sabuni yake ipo, mafuta yapo, hata watalii huuziwa. Nyanyangu alikuwa akituchemshia kila tukifunga shule, ati kusafisha damu. Sijui damu ilikuwa imechafuliwa na hesabu ama nini.

Nina swali. Nilienda kufanya kazi bara huko Machakos, nikashikwa na homa, jamaa akaniletea majani akasema ni mwarubaini. Nikaangalia nikasema huu si ule wetu. Maua yake zambarau! Akaniambia ni huo huo wa baridi. Sikunywa. Ni kweli kuna wa baridi?

Shamba Darasa

Mwana wa Kilindini shukuru Mungu hukunywa. Huo ni Melia, ni wa ukoo mmoja na mwarobaini, sehemu nyingi watu wanauita mwarobaini pia na hapo ndo hatari ilipo maana matunda yake ni sumu, nguruwe wakiyala wanakufa na kwa binadamu sio mchezo pia.

Kuvitofautisha rahisi. Mwarobaini wa kweli chukua jani zima, utaona ujiti mmoja katikati na vijani vimepangwa kushoto na kulia, kila kijani kimepinda kama mundu na pembeni kina meno ya msumeno. Ule mwingine ujiti umetoa vijiti vidogo na hivyo vijiti ndo vina vijani, yaani umegawanyika mara mbili. Maua ya mwarobaini meupe yananukia asali, ya huo mwingine zambarau. Matunda ya mwarobaini marefu kidogo kama zeituni, yakiiva njano yanaanguka ndege na popo wanayafaidi, ya mwingine ya mviringo yananing'inia mtini muda mrefu hata majani yakipukutika.

Na mimi niseme yangu ya shambani maana ndo daktari wa kweli wa huu mti ni mkulima. Mwaka 1959 kule Sudan Mjerumani mmoja mtaalam wa wadudu, Schmutterer, aliona nzige wamefagia kila kitu mwarobaini umebaki umesimama na majani yake. Utafiti mwingi wa baadae ukaanzia hapo. Haumuui mdudu palepale kama sumu ya duka, unamkata hamu ya kula na unamvurugia homoni asiweze kujibambua gamba, anakwama humo humo ndani. Mimi natwanga majani kilo moja naloweka lita tano za maji usiku kucha, nachuja, natia kipande cha sabuni ya mche, napuliza JIONI maana jua linaiharibu upesi. Mahindi na kunde za chakula nachanganya na majani yaliyokaushwa kivulini fukusi wanapungua, kwa dumuzi usitegemee sana yule ana roho mbaya.

Halafu Dada wa Dirishani umesahau kitu kwenye mbegu. Watu wanaokota mbegu chini zimelowa wanazirundika kwenye kiroba zinaota kuvu, zinakamuliwa hivyo hivyo. Ile ni nyumba ya sumukuvu, hiyo hiyo ya mahindi iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016. Sasa unanunua mafuta barabarani hujui mbegu ilikaushwa wapi unameza kijiko asubuhi?

Dada wa Dirishani

Kweli kabisa hilo la sumukuvu lilinitoka. Asante mkulima.

Chai Maharage

9 ukungu wa mimea 10 nzige 11 fukusi. Naona magonjwa ya binadamu yameisha tumehamia kwa wadudu

Mkongwe wa Gongo la Mboto

Mnakuza mambo. Mimi nakunywa maji ya mwarobaini kila asubuhi mwaka wa ishirini huu, sijawahi kulazwa, sina presha sina sukari. Mnaogopa majani mnakunywa soda.

Mtu wa Ngamiani

Mkongwe hongera na soda nakuunga mkono. Ila swali la heshima tu mzee wangu, umeshawahi kupima figo na ini katika hiyo miaka ishirini? Sikukejeli. Baba yangu naye angekuambia hajawahi kulazwa, mpaka wiki ya tatu.

Mkongwe wa Gongo la Mboto

Sijapima. Ila nakunywa kidogo sana, funda mbili.

Dada wa Dirishani

Baba nenda ukapime, kipimo cha figo na cha ini, damu kidogo tu. Zikitoka safi njoo hapa unicheke nitakubali. Kuna watu wameripotiwa figo kuvimba kwa kunywa majani haya muda mrefu, ni wachache, lakini hakuna aliyewahi kufuatilia watu wa kila siku kwa miaka ishirini akasema ni salama.

Mama Wawili Kimara

Jamani na kujifukiza mnakusemeaje? 2020 wakati wa korona nyumba nzima sufuria lilikuwa halitoki jikoni, mwarobaini, mkaratusi, mchaichai, malimao, tangawizi, blanketi juu. Mimi sikuumizwa na mwarobaini niliumizwa na sufuria. Mwanangu wa miaka sita alikuwa chini ya blanketi na mimi akapiga teke, maji yote mapajani. Kovu lipo mpaka leo analificha kwa kaptula ndefu. Sijawahi kuandika hii sehemu yoyote. Mtoto asiingizwe kwenye blanketi na maji ya moto hata kama kila mtu anafanya.

Bint Makunduchi

Pole mama. Si kosa lako, sote tulikuwa na khofu mwaka ule.

Tabibu Mizizi

Kopo limeshuka mpaka 25,000 kwa wa uzi huu tu

Nyundo ya Utosi

Namba ya usajili bado tunaisubiri Tabibu

Ngoja Waje

Wamekuja

Mtu wa Ngamiani

Wakuu nimerudi, nilikuwa nyumbani Tanga wikiendi.

Huu uzi nimemsomea Mzee wote, amekaa kibarazani na kofia yake, anasikiliza kimya. Nilipofika kwa bibi wa Bint Makunduchi na miiko yake akasema "huyo mama alijua kazi", nikamwambia basi mbona wewe ulikunywa wiki tatu, akasema yeye hakuwa na mkunga wa kumkataza alikuwa na jirani. Jirani mwenyewe simtaji, juzi kaja kumjulia hali na dumu la majani mengine ya mti tofauti, mama kalipokea kwa heshima zote na kulimwaga nyuma ya choo.

Kliniki wamembadilishia, vile vidonge vidogo wameviondoa kwa sasa amebaki na metfomini, sukari inacheza 8, daktari kamwambia bora 8 iliyotulia kuliko 5 ya kuanguka nayo. Blenda imehamishiwa chumbani kwa mama. Kijiti chake cha asubuhi anaendelea nacho, nilimuuliza daktari akasema mswaki aendelee tu ila asimeze mate ya uchungu kama alivyozoea, ateme. Mzee kanuna hapo kidogo, anasema kutema ni uharibifu.

Yule mjukuu aliyesema ukweli hospitali kapewa cheo, sasa hivi yeye ndo anashika daftari la sukari, anaandika namba kila asubuhi na babu hathubutu kumdanganya.

Halafu Mzee kaniambia nimuulize Chai Maharage amefika ngapi.

Chai Maharage

Mwambie Mzee shikamoo. 12 ukurutu (nimeongezewa inboksi na mtu wa Lindi) 13 chawa 14 kivuli cha kuchezea bao. Nimekwama hapo

Mtu wa Ngamiani

Anasema marahaba, na 14 ungeanza nayo.